Viputo vya gesi vyageuzwa wachukuzi wa jeni
TIBA ya jeni hunuia kumpa mgonjwa jeni timamu pale ambapo yake ina kasoro. Kizingiti kikuu ni kuifikisha ndani ya seli. Mara nyingi hubebwa na virusi vilivyodhoofishwa, lakini kinga ya mwili huweza kuvishambulia kwa ukali. Mnamo 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki nchini Marekani katika majaribio ya aina hiyo.

Ndiposa baadhi ya wanasayansi wakageukia viputo vya gesi, vidogo kama chembe nyekundu za damu, vyenye ganda la mafuta au protini. Hospitalini, viputo hivyo hutumiwa kuzifanya picha za moyo zionekane bayana. Vikibebeshwa jeni, hudungwa mshipani, kisha mawimbi ya ultrasaundi huelekezwa kwenye kiungo kinachougua. Viputo hutikisika na kupasuka, vikitoboa matundu madogo katika utando wa seli. Jeni hupenya, na matundu hujifunga.

Mwaka wa 2015, madaktari jijini Toronto, Kanada, walitumia viputo na mawimbi kufungua kwa muda kizuizi cha mishipa ya ubongo ili kupitisha dawa ya saratani. Katika kubeba jeni, hata hivyo, virusi vingali na ufanisi mkubwa zaidi.