Tarehe ya Nyumba ya Tiepolo na Mabamba Yake ya Shaba

Asili ya nyumba hii ni Venezia. Giambattista Tiepolo alizaliwa humo mwaka 1696, kitinda mimba wa Domenico, mfanyabiashara wa meli, na mwaka uliofuata baba akafariki. Rangi alifunzwa na Gregorio Lazzarini, na mwaka 1717 akaandikishwa katika chama cha wachoraji wa mji. Mwaka 1719 alimwoa Cecilia wa ukoo wa Guardi, nao ni ukoo wa wachoraji. Wana wao wawili walirithi kazi: Giandomenico, aliyezaliwa mwaka 1727, na Lorenzo, wa mwaka 1736.

Kabla ya Giambattista walikuwepo wachongaji waliofungua njia. Jacques Callot, mzaliwa wa Nancy, alichonga Capricci zake, yaani picha za kubuni, huko Florence mwaka 1617. Castiglione wa Genoa akafuata na wachawi na magofu, na Salvator Rosa wa Napoli akaleta askari wake. Hao ndio waliompa mchongaji ruhusa ya kubuni watu wasiotoka katika kisa chochote kijulikanacho.

Kazi yenyewe ya kuchonga bamba ni hii. Bamba la shaba hupakwa nta, kisha fundi huchora juu yake kwa sindano, mkono ukienda kwa wepesi wa mtu aandikaye barua. Bamba likitiwa tindikali, shaba huliwa pale tu sindano ilipopita. Wino hujazwa katika mifereji ile, uso wa bamba ukafutwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake, na vyote vikapitishwa katika shinikizo. Tiepolo alichora mistari mifupi iliyokatikakatika, na sehemu kubwa ya karatasi akaiacha tupu. Weupe ule ndio jua la picha zake.

Mwaka 1743 Anton Maria Zanetti, mkusanyaji wa sanaa na mchongaji pia, alitoa Capricci 10 za Tiepolo pamoja na chapa zake mwenyewe. Katika mojawapo Mauti, mifupa mitupu, anawasomea watu kitabu, nao wamejikusanya kumsikiliza.

Zikafuata Scherzi di fantasia, mabamba 23, na hapa ndipo penye utajiri. Wazee wenye vilemba na ndevu ndefu wamesimama penye madhabahu iliyovunjika. Nyoka amejizungusha kwenye fimbo, bundi wanatazama, kijana mzuri yu kando ya fuvu, na moto unaunguza kitu tusichokitambua. Wote wanakodolea macho jambo fulani, na mtazamaji anabaki kujiuliza ni jambo gani. Hakuna maandiko ya kumwongoza.

Mwaka 1750 baba na wanawe walikwenda Würzburg, Ujerumani, kwa mwito wa askofu mtawala. Dari waliyoipamba juu ya ngazi za kasri inazidi mita za mraba 600, na humo sura ya askofu hubebwa angani kwa shangwe. Dari ni ya aliyelipa, na sifa zake sharti zionekane. Bamba dogo la shaba halikuwa na wa kusifiwa, ndiyo maana Tiepolo aliweza kulitia mashaka, hofu na fumbo. Hukohuko, mwaka 1753, Giandomenico alitoa chapa zake za safari ya Yusufu na Mariamu kwenda Misri: kisa kimoja, kila karatasi na tukio lake.

Mwaka 1762 walihamia Madrid kumtumikia Mfalme Carlos III. Mwaka uliofuata kijana Goya, mchoraji Mhispania, alifika mjini humo kushindania nafasi ya chuo cha sanaa. Mwaka 1799 naye angetoa Caprichos zake, mabamba 80.

Tiepolo alifariki Madrid mwaka 1770, Scherzi zikiwa bado hazijatolewa kwa umma. Giandomenico alirudi Venezia, akayapa mabamba namba na kuyachapa. Mwenyewe alifariki mwaka 1804, naye anastahili heshima kubwa katika tarehe hii. Hakuna mfalme wala askofu aliyeziagiza Scherzi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuzidai wala wa kuzitunza ila mwana aliyeujua ufundi wa baba yake. Kwa sababu yake, leo tunaweza kumjua Tiepolo alivyokuwa alipojichorea mwenyewe.