Desimali Zilizokatwa

Kitabu cha James Gleick, Chaos, nilikinunua kwa mia mbili kando ya barabara ya Tom Mboya. Jalada limekunjika, na ukurasa wa mwisho mtu ameandika hesabu za deni lake. Kilitoka 1987. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minne tu na sikutaka kuona milinganyo. Bahati nzuri Gleick alikuwa mwanahabari wa New York Times, si mhadhiri: anakupa watu kwanza, hesabu baadaye.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa pale MIT, mwaka wa 1961. Alikuwa na kompyuta aina ya Royal McBee LGP-30, kubwa kama meza ya ofisi na yenye makelele. Ndani yake kulikuwa na milinganyo 12 ya kuigiza hali ya hewa. Siku moja akataka kurudia sehemu ya hesabu ya zamani. Badala ya kuanza mwanzo, akachukua namba kwenye karatasi iliyochapwa, akaziingiza, akaenda zake kunywa kahawa.

Kurudi, maajabu. Mistari miwili iliyopaswa kufanana ilifuatana kidogo, ikaanza kuachana, mwishowe ikawa haijuani kabisa. Alidhani mashine imeharibika. Kumbe mashine ilihifadhi 0.506127 ndani, lakini kwenye karatasi ikachapa 0.506 kuokoa nafasi. Ni kama unamdai mtu shilingi elfu moja, akakulipa pungufu ya senti 25. Nani atapiga kelele?

Hapo ndipo Lorenz alipoona kwamba utabiri wa hali ya hewa wa muda mrefu una ukuta mbele yake, maana hakuna anayeweza kuipima hewa bila kuacha desimali fulani nje. Aliyaandika 1963. Kipepeo wa Brazil na kimbunga cha Texas walikuja baadaye, kwenye kichwa cha mhadhara wake wa 1972. Watu wengi, nikiwemo mimi, tuliishia kwa kipepeo.

Lakini kisa hicho, kila ninapokisikia, kina mtu mmoja, mashine moja na kikombe cha kahawa. LGP-30 haikuwa inajiprogramu. Aliyekuwa akimwandikia Lorenz programu mwanzoni ni Margaret Hamilton, ndiyo, yuleyule aliyekuja kuongoza programu za chombo cha Apollo. Alipoondoka alimwachia kazi Ellen Fetter, msichana aliyetoka chuo juzi tu na shahada ya hisabati. Tafuta makala ya 1963, nenda kwenye shukrani: Lorenz anamshukuru Bi Fetter kwa kushughulikia hesabu nyingi na kuandaa michoro. Ni sentensi moja tu. Siku hizi kazi kama hiyo mara nyingi ingempa nafasi kati ya waandishi.

Angalau Lorenz alimtaja. Nikiwa mwaka wa pili, mhadhiri mmoja alinipa kazi ya kuingiza majibu ya hojaji kwenye kompyuta. Wiki sita, usiku kucha, kwa ahadi kwamba nitajifunza. Nilikuta makosa kwenye hojaji zenyewe, nikayarekebisha. Makala ilipotoka nilisoma hadi shukrani, nikarudia tena polepole. Hata mhudumu wa chai alitajwa.

Sikuacha chuo kwa sababu hiyo; karo ndiyo ilinitoa. Ila kulikuwa na siku ya kwenda kuomba kuahirisha masomo, na barua ilihitaji sahihi ya yule mhadhiri. Nilifika hadi mlangoni kwake, nikasikia anacheka na simu, nikageuka. Lorenz angeweza kurudisha namba zote sita na kuwasha mashine upya.

Siku hizi kabla sijamwandikia mtu chochote, nauliza kwanza jina langu litakaa wapi. Wateja wawili tayari wamenikimbia, mmoja akiwa na doh ya kodi yangu ya mwezi mzima.