Wageni wa Banani: Safari Iliyozaa Kazi ya Huruma

Somo letu la leo ni la historia. Tutatazama jinsi mtu anavyotoka kwao kwa kujitolea, akaenda nchi ya mbali, na safari yake ikazaa kazi ya kusaidia watu kwa jina la dini. Mfano wetu uko hapa hapa Pemba, katika mashamba ya karafuu.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mikarafuu ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikaongoza kwa karafuu. Wachumaji wengi walikuwa watumwa.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama zisiutambue tena utumwa. Lakini sikilizeni vizuri. Amri ile haikumfungua mtu papo hapo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Bwana wake aliweza kulipwa fidia; yeye hakulipwa kitu. Tena, aliyepata uhuru alipaswa kuonyesha kuwa ana makao na njia ya kupata riziki. Akikosa, alihesabiwa mzururaji. Basi fikirini: mtu amefanya kazi miaka yote katika shamba la mwingine, hana nyumba wala fedha. Aende wapi?

Mwaka huo huo walifika Pemba Waingereza wawili, Bwana Henry Stanley Newman na Bwana Theodore Burtt. Walikuwa Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quaker. Marafiki walikuwa wameupinga utumwa tangu zamani. Kamati ya kupinga biashara ya watumwa, iliyoundwa London mwaka 1787, ilianzishwa na watu 12, na 9 kati yao walikuwa Marafiki.

Bwana Newman alirudi kwao, na mwaka 1898 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Bwana Burtt alibaki Pemba. Marafiki walinunua shamba la karafuu mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake. Hapo watu walioachwa huru walipata pa kukaa na kazi ya ujira. Sasa mnaona maana ya msaada huo: makao na riziki ndiyo mambo hasa yaliyodaiwa na sheria.

Lakini mwenye kutoa ana nia yake, na mwenye kupokea ana yake. Wamisionari walitaka kazi ya kila siku, kwa utaratibu wao, na walitaka watu waifuate dini yao. Wengi wa walioachwa huru kisiwani walipenda kulima mihogo yao wenyewe na kuchuma karafuu kwa ujira msimu ukifika. Dini nayo haikugeuka: hadi leo karibu watu wote wa Pemba ni Waislamu.

Jambo hili si la Wakristo peke yao. Dakta Abdulrahman Al-Sumait, tabibu wa Kuwait aliyezaliwa mwaka 1947, alikwenda Malawi kusimamia ujenzi wa msikiti. Alipoyaona maradhi na ufukara, aliona kuwa msikiti peke yake hautoshi. Mwaka 1981 ilianzishwa jumuiya ya Kiislamu ya kusaidia Afrika, naye akawa kiongozi wake, akiacha kazi yake nzuri ya hospitali. Mwaka 1998 jumuiya hiyo ilifungua chuo cha ualimu Chukwani, Unguja. Dakta alifariki mwaka 2013, na chuo hicho, ambacho sasa ni chuo kikuu, kina jina lake.

Wanafunzi wetu, tumejifunza nini? Msafiri huona shida kwa macho yake, na imani yake humtuma asiipite. Lakini huruma peke yake haitoshi. Msaada hufaa pale unapoziba pengo lililopo: kwa aliyeachwa huru, makao na ujira, kwa kijana, shule. Na anayesaidiwa aulizwe anataka nini, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini amri ya 1897 haikutosha?
2. Banani iliwapa watu nini, na iliwadai nini?
3. Mgeni akija kijijini kwenu kusaidia, mngemwambia aanze na kazi gani?