Walitangulia Wazamia Sponji: Historia ya Boti za Starehe za Bodrum

Mwaka 1925 mahakama maalumu ya jamhuri changa ya Uturuki ilimtia hatiani mwandishi mmoja kwa sababu ya makala. Cevat Şakir Kabaağaçlı, msomi aliyepitia Oxford, alikuwa ameandika katika jarida la Istanbul habari za askari watoro walionyongwa bila kesi. Mashariki mwa nchi kulikuwa na uasi, na watawala waliona maneno yale yanavunja moyo wa jeshi. Akahukumiwa miaka mitatu ya kifungo cha ngomeni huko Bodrum, mji mdogo wa pwani ya kusini-magharibi ambao wakati ule kuufikia kwa nchi kavu ilikuwa adhabu nyingine.

Historia ya boti za starehe za mchana katika Bahari ya Mediterania ina milango mingi. Mimi naingilia kwa mlango huu. Kila kiangazi maelfu ya wageni hupanda majahazi ya mbao kwenye gati la Bodrum saa nne au saa tano asubuhi, muziki ukiwa tayari umefunguliwa, wakarudi jioni wamebabuka mabega kwa jua. Chombo wanachochezea kina nasaba yake. Nasaba hiyo inapita kwa mfungwa huyu, na kabla yake kwa watu maskini waliokufa chini ya maji kwa ajili ya kitu cha kuogea.

Cevat Şakir alifika akitarajia gereza. Alichokikuta ni ngome iliyojengwa na mashujaa wa Mtakatifu Yohana tangu mwanzo wa karne ya 15, kwa mawe waliyoyang'oa kwenye kaburi la mfalme Mausolus, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Mkuu wa wilaya alimwachia apange nyumba mbele ya bahari, na mfungwa akageuka mwenyeji. Alivua samaki na wavuvi, akaleta mbegu na miche kutoka mbali, akapanda mitende na mibalungi. Nusu ya pili ya kifungo alihamishiwa Istanbul. Muda ulipokwisha alifunga mizigo na kurudi Bodrum kwa hiari yake, akakaa hadi mwaka 1947. Vitabu vyake alivitia saini ya Halikarnas Balıkçısı, yaani Mvuvi wa Halicarnassus, kwa kuwa Halicarnassus ndilo jina la kale la mji huo, alikozaliwa mwanahistoria Herodotus.

Bodrum ya siku hizo iliishi kwa sponji. Ng'ambo tu, katika visiwa vya Kigiriki vya Kalymnos na Symi, watu walikuwa wameishi kwa kazi hiyo hiyo kwa karne nyingi. Sponji ni mnyama wa baharini anayeshikamana na mwamba. Akishavuliwa, akakanyagwa na kuoshwa mpaka nyama yake itoke, hubaki kiunzi laini kinachonyonya maji. Sponji ya namna hiyo ndiyo ambayo wanawake wa Jambiani, Zanzibar, wanailima leo kwenye kamba, wakiwa wamesimama majini. Katika Mediterania ya zamani haikulimwa. Ilifuatwa chini.

Mzamiaji alishuka uchi, amekumbatia jiwe bapa la zaidi ya kilo 10 lililofungwa kamba, na pumzi moja tu kifuani. Katika miaka ya 1860 vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba lilifika visiwani, na hewa ikawa inasukumwa kwa pampu kutoka juu. Mtu aliyekuwa akikaa chini dakika chache sasa alikaa muda mrefu, tena kwenye kina ambacho pumzi ya kifua isingemfikisha. Wafanyabiashara walitajirika. Hakuna kati yao aliyejua kwamba kwa mgandamizo wa maji naitrojeni ya hewa ile huyeyuka mwilini, na mtu akipandishwa upesi hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huziba mishipa na kuharibu uti wa mgongo. Vijana waliondoka Kalymnos baada ya Pasaka kwa miguu yao wenyewe. Vuli ilipofika wengine walishushwa wamebebwa, na wengine hawakurudi kabisa. Kisiwani hapo ipo ngoma inayochezwa hadi leo, ambamo kiongozi wa mstari huegemea fimbo huku miguu ikimtetemeka, akimwigiza mzamiaji aliyepooza. Sijui kumbukumbu ya wafanyakazi iliyo ya kweli kuliko hiyo popote katika bahari ile.

Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa dini zao. Wakristo wa Bodrum wakapelekwa ng'ambo, Waislamu wa Krete wakaletwa mahali pao. Kazi ya sponji iliendelea upande wa Uturuki kwa vyombo vidogo vya mbao ya msonobari, vyenye ncha omo na tezi, vinavyohimili mawimbi mafupi ya Aegea. Nahodha na wazamiaji walilala juu ya sitaha, katikati ya harufu ya sponji zinazooza.

Chombo cha namna hiyo ndicho Cevat Şakir alichowapandisha rafiki zake wa Istanbul, vita kuu vya pili vilipokuwa vinaishia na katika miaka iliyofuata. Walikuwa waandishi, wachoraji na walimu wa chuo: Sabahattin Eyüboğlu, ndugu yake Bedri Rahmi aliyekuwa mchoraji na mshairi, Azra Erhat aliyeshiriki kumfasiri Homer kwa Kituruki. Hapakuwa na vyumba wala choo. Walichukua mikate mikavu ya mabaharia, jibini, maji, tumbaku na pombe kali ya raki. Kitoweo kilitoka baharini. Redio na magazeti viliachwa pwani makusudi. Walikwenda Ghuba ya Gökova, wakalala kwenye hori ambazo hazikuwa na njia ya gari, wakashuka kutazama magofu ambayo hakuna aliyeyalinda.

Hawakuwa wanapumzika tu. Walikuwa na hoja nzito kwa taifa lao: kwamba Homer na Herodotus ni watu wa pwani hii hii, kwamba Mturuki wa leo ni mrithi wa wote waliowahi kuishi Anatolia, na kwamba hana haja ya kuwaachia Wazungu urithi huo. Kwa wakati wake ulikuwa msimamo wa ujasiri. Mwaka 1962 Azra Erhat alichapisha kitabu cha safari hizo, Mavi Yolculuk, yaani Safari ya Buluu, na jina hilo likaenea nchini kote. Wasomaji walitaka kuyaona waliyoyasoma. Manahodha wa sponji, ambao biashara yao ilikuwa inabanwa na sponji za viwandani, wakaanza kupokea abiria wa kulipa.

Hapo ndipo fundi wa majahazi alipoingia kazini. Chombo cha sponji ni chembamba, na tezi yake yenye ncha haina mahali pa kuweka meza. Mgeni anataka kulala kitandani, kuoga na kula kivulini. Basi mafundi wa Bodrum na Bozburun wakaupanua mwili wa chombo, wakaipa tezi umbo la mviringo au wakaikata bapa, wakajenga vyumba chini ya sitaha, wakaweka mashine ya dizeli. Milingoti ilibaki. Hili ndilo jahazi liitwalo guleti, na wageni wengi hulidhani la kale kama magofu. Kwa umbo lake la leo ni mtoto wa utalii, halijafika hata miaka mia. Matanga yake mara nyingi hukaa yamekunjwa msimu mzima, jambo lililowauma mabaharia wenyewe kiasi kwamba mwaka 1989 Bodrum ilianzisha mashindano ya kila mwaka ya majahazi ya mbao, ili watu wasisahau kutweka.

Serikali nayo ilisukuma. Uwanja wa ndege wa Dalaman ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sheria ya kuhimiza utalii ikapitishwa mwaka 1982, na mwaka 1997 Bodrum ikapata uwanja wake karibu na Milas. Katikati ya hayo, kuanzia mwaka 1986, ugonjwa uliangamiza sponji katika sehemu kubwa ya Mediterania. Waliokuwa bado wanazamia walipoteza kazi ndani ya misimu michache. Wengi hawakuwa na pa kwenda ila kwenye gati, kubeba watalii.

Safari ya wiki nzima kwa guleti ni ghali. Mfanyakazi wa kiwanda kutoka Ankara, au kijana wa Manchester aliyenunua likizo ya bei nafuu, hawezi. Safari ya mchana iligawanya starehe hiyo hiyo katika vipande ambavyo watu wengi wangevimudu: unalipa asubuhi, unapewa chakula cha mchana, unashushwa jioni. Kutoka Bodrum boti huelekea kisiwa cha Karaada chenye pango la maji ya moto, kisha hori moja baada ya nyingine ambako abiria hujirusha baharini kutoka ghorofa ya juu. Ratiba hupangwa kwa kuangalia upepo. Kiangazi pepo za meltemi huvuma kutoka kaskazini na kuchachamaa mchana, kwa hiyo nahodha mzoefu hutafuta kivuli cha mlima kabla bahari haijachafuka.

Tiketi huuzwa rahisi kwa sababu faida kubwa iko kwenye vinywaji, ambavyo kwa kawaida hulipiwa mbali. Jua, chumvi na ngoma humkausha mtu koo, na kadiri watu wanavyocheza ndivyo baa inavyouza. Ndivyo muziki ulivyopanda sitahani na kukataa kushuka. Miji mingine ya pwani ya Uturuki, kama Marmaris, Alanya na Kemer, walikwenda mbali zaidi, wakaunda vyombo vya ghorofa mbili tatu vyenye sura ya meli za maharamia, vinavyobeba mamia ya watu. Mashine humwaga povu mpaka kifuani, dijei anapaza sauti kwa lugha tatu, watoto wanacheka. Visiwa vya Ibiza na Mallorca huko Hispania, na Ayia Napa huko Cyprus, walifikia biashara kama hiyo kwa njia zao wenyewe, kutoka kwenye kumbi za usiku.

Wako wasomi wa Kituruki wanaolia kwamba boti hizi zimeichafua Safari ya Buluu. Machungu yao nayaelewa, lakini siko upande wao. Safari za kwanza zilikuwa za watu waliojuana, wasomi walioweza kuacha kazi kwa wiki mbili. Boti ya mchana imempa bahari mtu mwenye siku moja tu. Bibi kutoka kijiji cha bara, amevaa kilemba, ameshika kikombe cha chai katikati ya vijana wanaoruka, ana haki ya hori ile sawa na profesa. Kitu kinachonikera ni ukimya. Mtu anaweza kukaa ndani ya chombo hicho kutwa, akasikia nyimbo hamsini, asisikie hata mara moja kwamba chini yake palikuwa mahali pa kazi na pa kufia.

Na bahari yenyewe inaumia. Chini ya hori hizo huota majani ya posidonia, ambayo huficha samaki wachanga na kushika mchanga usichukuliwe. Nanga inayoburutwa huyang'oa, na kwa kuwa mizizi yake hutambaa polepole mno, jeraha la asubuhi moja hukaa miaka. Huko huko Uturuki, Göcek wameanza kuweka maboya ya kufungia vyombo ili nanga zisitupwe. Visiwa vya Baleari vya Hispania vilichukua hatua kali zaidi: amri ya mwaka 2020 ilizuia leseni mpya za boti za sherehe katika maeneo yaliyozidiwa na ulevi, kama Magaluf na Sant Antoni, na mwaka 2024 boti hizo zikakatazwa kusogea ndani ya maili moja ya baharini kutoka ufuko wa maeneo hayo. Uturuki ina pwani ndefu na watu wengi wanaokula kwa kazi hii, na naona maboya yataisaidia kuliko marufuku.

Anayefika Bodrum akiwa na siku mbili, ya pili aitumie ngomeni. Pale ndani kuna makumbusho ya akiolojia ya chini ya bahari, na bila wazamia sponji yasingekuwapo. Mwaka 1958 mwandishi wa Kimarekani Peter Throckmorton alikaa na manahodha wa Bodrum, akasikia kutoka kwa nahodha Kemal Aras habari za shaba iliyolala chini kwenye rasi ya Gelidonya. Miaka miwili baadaye mwanaakiolojia George Bass aliongoza uchimbaji pale, uchimbaji wa kwanza wa jahazi la kale uliokamilishwa kwa wanaakiolojia kuzama wenyewe. Mwaka 1982 mzamia sponji Mehmet Çakır alimweleza nahodha wake kwamba ameona chini ya maji, karibu na Kaş, biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa vipande vya shaba vya karne ya 14 kabla ya Kristo. Jahazi lililokuwa limebeba shaba hiyo, liitwalo la Uluburun, lilichimbwa kwa misimu 11, kuanzia 1984 hadi 1994, na wazamiaji wakashuka zaidi ya mara 22,000. Lilikuwa na tani 10 za shaba, tani moja ya bati, vipande vya kioo, dhahabu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni.

Lilikuwa pia na magogo ya mbao nyeusi. Wataalamu walipoyapima waliutambua mti: ni mpingo, ule ule unaochongwa Mtwara na Mwenge. Mpingo huota pia Sudan na Ethiopia, na Wamisri wa kale waliupata kutoka nchi zilizo kusini mwao, hivyo hakuna sababu ya kudai kwamba magogo yale yalitoka Lindi. Lakini mchongaji wa Kimakonde akiingia ngomeni humo ataitambua mbao bila kusoma kibandiko.