KENYA: KUTOKA BARAZA LA AMRI HADI BARAZA LA HOJA

Neno baraza ni la watu wa pwani. Asili yake ni kile kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, ambapo jirani huketi, akasema lililo moyoni mwake, naye akajibiwa. Waingereza walipoitawala Kenya walilichukua neno hilo wakalipeleka bara, lakini maana yake wakaiacha pwani. Baraza la mkoloni lilikuwa mkutano ulioitishwa na Mkuu wa Wilaya au chifu ili wananchi wasikilize amri. Aliyesema alikuwa mmoja, na waliosikiliza walikuwa wengi. Historia ya nchi hiyo jirani kwa zaidi ya miaka mia moja, ukiitazama kwa upande huu, ni historia ya wananchi kudai wajibiwe.

Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu uwezo mkubwa wa kuamuru watu wao. Machifu hao hawakuchaguliwa na wananchi. Waliteuliwa na serikali, na mbele ya serikali ndiko walikojibu hoja. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka ulioagiza machifu wahimize watu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1920 nchi iligeuzwa kutoka himaya kuwa koloni, na wanaume wa Kiafrika wakaanza kutembea na kipande shingoni. Kodi nayo ikapandishwa hadi shilingi 16. Mambo yote hayo yalitangazwa barazani, na hakuna hata moja ambalo wananchi waliulizwa kwanza.

Tarehe 23 Desemba 1921, huko Lundha katika eneo la Gem, Nyanza, wananchi waliitisha mkutano wao wenyewe. Waliokuwa mstari wa mbele ni walimu waliosomeshwa katika shule ya misheni ya Maseno, mmoja wao akiwa Jonathan Okwiri. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, na nchi irudishiwe hadhi yake ya kabla ya 1920. Jambo hilo lote watu waliliita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Tazama uzito wa jina hilo! Hapo awali aliyesema barazani alikuwa Mkuu wa Wilaya. Sasa mwenye kusema ni nchi.

Wananchi hao walitaka Gavana mwenyewe aje awasikilize, na mwezi Julai 1922 Northey alifika Nyahera, karibu na Kisumu. Kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12 na kambi za kazi zikafungwa. Lakini ukoloni ulibaki, na kipande kikabaki. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Machi 1922, umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe huru. Jibu lao lilikuwa risasi, na watu wasiopungua 20 waliuawa. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mkoloni alionyesha majibu yake mawili: huku punguzo la kodi, kule bunduki. Yote mawili yalitoka katika hiari yake, kwa kuwa hapakuwa na sheria yoyote iliyomlazimu kujibu.

Mwaka 1924 serikali ilipitisha sheria ya kuunda mabaraza ya wenyeji katika wilaya. Mwenyekiti wa kila baraza alikuwa Mkuu wa Wilaya. Mabaraza hayo yalitoza ushuru na kusaidia ujenzi wa shule, na si haki kuyabeza. Lakini kipimo cha baraza hupatikana siku ambayo maslahi ya wananchi yanapogongana na maslahi ya watawala, na siku hiyo ilifika upesi.

Mwaka 1930 ilitungwa sheria iliyoahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ingekuwa yao daima. Kabla sehemu yoyote haijachukuliwa, baraza la wenyeji lilipaswa kupashwa habari na kutoa maoni, na ardhi nyingine ya thamani sawa itolewe badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu ikavumbuliwa Kakamega. Mwezi Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wakati huo halikuwa na Mwafrika hata mmoja, lilibadili sheria hiyo. Sharti la kuliuliza baraza likaondolewa, na fidia ya ardhi kwa ardhi ikafutwa. Ahadi ya daima haikutimiza hata miaka mitatu. Wananchi wa Kakamega walikuwa na baraza, lakini lilikuwa baraza ambalo mtawala angeweza kulipita kila alipoona vema.

Uhuru ulipatikana Desemba 1963, lakini sheria ya mamlaka ya machifu ilirithiwa. Sheria ya mwaka 1969 ikaziondolea halmashauri za wilaya kazi za elimu ya msingi, afya na barabara, na baraza la chifu likaendelea kuwa mahali pa kupokea maagizo. Hadi yalipofanywa mabadiliko ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Iliunda kaunti 47, na katika Ibara ya 196 ikalilazimu bunge la kila kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Mwaka 2014 sharti hilo lilipimwa mahakamani. Kaunti ya Kiambu ilikuwa imetunga sheria ya ushuru na ada, na wananchi wakalalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama Kuu iliifuta sheria hiyo. Ilieleza kwamba tangazo la siku moja gazetini huenda lisitoshe, na kwamba habari zipelekwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza ya hadhara na redioni.

Ndugu wasikilizaji, pimeni tofauti. Mwaka 1932 sheria ilibadilishwa ili wananchi wasiulizwe. Mwaka 2014 sheria ilifutwa kwa sababu wananchi hawakuulizwa. Umbali kati ya miaka hiyo miwili haukupatikana kwa zawadi ya mtu.

Hata hivyo sheria haihudhurii mkutano. Mkutano ukiitwa saa ambayo akina mama wako sokoni, au makadirio ya fedha yakisomwa kwa lugha ambayo mkulima haielewi, baraza la amri limerudi kwa mlango wa nyuma. Nasi Tanzania hatuna sababu ya kujiona. Tulizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, tukaona hasara yake, tukazirudisha kwa sheria za mwaka 1982. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema humo, unatambuliwa na sheria hizo. Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Walikuwa na haki, ila kwa sharti moja: wengi hao wawe na haki ya kuuliza, na aliyeketi mbele yao awe na wajibu wa kujibu.