Ugonjwa wa Miguu Isiyotulia

Mwaka 1945 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliandika kwa kirefu kuhusu wagonjwa ambao kila wakijilaza, miguu huwalazimisha kuinuka na kutembea. Mwingereza Thomas Willis alikuwa ameigusia hali hiyo tangu 1672. Kwa Kiswahili tunasema ugonjwa wa miguu isiyotulia. Wapo wanaopendelea “sindromu ya miguu isiyotulia”, ila sindromu haimsaidii mgonjwa chochote.

Jina hilo lina kasoro: msikilizaji hudhani miguu inajirusha yenyewe. Kurusha miguu usingizini huwapata wagonjwa wengi, kweli, lakini anayelalamikia hilo ni anayelala nao kitanda kimoja. Kinachomkosesha mgonjwa usingizi ni hamu ya kuisogeza, hamu isiyozuilika. Huja akiwa amepumzika, huzidi jioni na usiku, na hupungua akitembea. Wengine husema ni kama vijidudu vinatambaa ndani ya vigimbi. Akisema tu “miguu inanisumbua usiku”, huenda akaandikiwa dawa ya maumivu. Kukazwa na msuli ni jambo jingine. Hapo kigimbi huwa kigumu ukikishika. Nyayo kuwaka moto, kama inavyowapata wenye kisukari, nako hakuishi kwa kuzunguka chumbani.

Cha kuchunguzwa kwanza ni madini ya chuma, ambayo ubongo huyahitaji kutengeneza dopamini. Wekundu wa damu unaweza kuwa sawa huku akiba ya chuma imekauka, kwa hiyo hupimwa feritini, inayoonyesha akiba hiyo. Wataalamu wengi hushauri kuongeza chuma ikiwa haizidi mikrogramu 75 kwa lita. Kujinunulia vidonge bila kupima si busara. Wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, na wenye figo zilizoshindwa kazi husumbuliwa zaidi.

Kahawa ya jioni na pombe huchochea. Kukanda vigimbi au kuoga maji ya moto huwatuliza baadhi. Mtego ni vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama klorofeniramini: mtu anameza ili alale, na miguu inazidi.

Hali ikiwa kali, siku hizi madaktari wengi huanza na gabapentini. Pramipeksoli, iliyotangulia kwa miaka mingi, hutuliza upesi, lakini baadaye inaweza kuusogeza usumbufu kutoka usiku hadi alasiri, hata kuupeleka mikononi. Ikifika hapo, kuongeza dozi huzidisha tatizo. Daktari huipunguza polepole.