Mchagua Jembe Si Mkulima: Habari za Wafini na Eropleni Zao

Wanafunzi wetu hupenda kutuuliza, "Katika vita vikuu vya pili, eropleni ipi ilikuwa bora?" Sisi huwajibu kwa habari za Ufini, nchi iliyo kaskazini mwa Ulaya, ambayo watu wake wakati ule hawakutimia milioni 4.

Siku ya 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi yaliishambulia nchi hiyo. Eropleni zake za kupigania zilikuwa chache, nazo zilikuwa za Kiholanzi na za Kiingereza kwa asili. Basi serikali ikanunua Marekani eropleni 44 za aina ya Brewster. Zilivushwa bahari zikiwa vipande vipande, zikaungwa Trollhättan katika nchi ya Uswidi. Lakini amani ilifanywa tarehe 13 Machi 1940, kabla hata moja haijapigana.

Vita viliporudi mwezi wa Juni 1941, Wafini walikuwa upande mmoja na Wajerumani, na vipuri kutoka Marekani havikupatikana tena. Injini zilikuwa kuukuu. Mafundi wakageuza pete moja ya pistoni katika kila silinda, zikatengenea. Tena walitwaa injini za Kirusi zilizotekwa, kwa maana Warusi walizifanyiza kwa kufuata mfano wa zile zile za Marekani. Marubani nao walikuwa wamefundishwa tangu kabla ya vita kuruka wawili wawili, wakiachana nafasi, na kupiga wakiwa karibu sana. Kikosi cha 24 kilihesabu kuwa kimeangusha kwa Brewster eropleni zaidi ya 400. Rubani Ilmari Juutilainen peke yake alihesabiwa 34.

Lakini huko Midway, tarehe 4 Juni 1942, Brewster za Marekani zilishindwa vibaya na Wajapani. Ni kweli kwamba zile zilikuwa nzito zaidi, na adui alikuwa mwingine. Hata hivyo twaona kwamba chombo si kila kitu.

Wala tusiishie hapo. Mkulima hodari hulima kwa jembe lolote, lakini jembe la kupewa lina mwenyewe. Brewster zilipochakaa, Wafini waliomba Messerschmitt kwa Wajerumani, wakazipata tangu 1943. Mwezi wa Juni 1944 Warusi walipowasonga sana, Wajerumani walidai malipo ya msaada wao: Rais Risto Ryti akatia sahihi ahadi ya kutofanya amani na Urusi pasipo ridhaa yao. Mwezi wa Agosti alijiuzulu, na Septemba mwenye kushika mahali pake akafanya amani, akisema ahadi ile ilikuwa ya Ryti peke yake. Mwezi wa Oktoba Brewster zile zile ziliwapiga Wajerumani.

Kwa hiyo anayeuliza eropleni ipi ni bora, na aulize pia ni nani aliyeiuza, na kesho atataka nini.